Aliyeshindwa Huleta Chai

Kamusi ilikuwa kwangu. Naliandika hilo kwanza kwa sababu nililikana kwa karibu mwaka mzima, mbele ya walimu wenzangu na kwa meseji, na mara moja kwa kiapo, na ninajijua: nikianzia mbali nitapata kichochoro cha kulikana tena. Sikuiazima. Haikusahaulika mkobani mwangu. Niliitoa kwenye rafu ya rafiki yangu alipotoka kwenda kuteka maji, nikaiviringisha ndani ya leso, kisha nikakaa kwa adabu kumngoja arudi anipikie chapati.

Chapati zenyewe nilikula tatu.

Tulikuwa tunafundisha shule moja ndogo ya kulipia upande wa Olympic, Nairobi, mimi Kiingereza cha madarasa ya juu, yeye nasari. Nilikuwa na digrii, jambo nililohakikisha kila mtu shuleni analijua, pamoja na mpishi. Yeye alikuwa na cheti cha kufundisha watoto wadogo na sauti ya kuimbia herufi. Digrii yangu ilikuwa imenifikisha kwenye chumba kimoja cha ploti Kawangware 56, nyuma ya saluni na duka la misumari. Cheti chake kilikuwa kimemfikisha kwenye chumba kimoja Soweto West. Tofauti yetu, kwa hiyo, haikuwa kubwa, lakini mimi niliitunza kama yai.

Mchezo ulianzia ofisi ya walimu, saa nne asubuhi, tukisubiri chai. Mmoja anataja herufi tatu na neno lake la Kiingereza lenye herufi hizo zote, kwa mpangilio wowote. Mwenzake lazima alete neno refu zaidi, lenye herufi zizo hizo ndani yake. Akilikosa, ameshindwa, na aliyeshindwa huenda jikoni kwa mpishi akamletea mshindi chai, huku ameshika kikombe kwa mikono miwili, mbele ya watu wote. Hakukuwa na zawadi nyingine. Wala haikuhitajika nyingine.

Siku ya kwanza kabisa nilimtajia R, K na N, nikaweka neno langu mezani kama mcheza kamari anayeweka gari: darkness. Herufi nane. Yeye alikuwa anapangusa kamasi za mtoto aliyeshika sketi yake. Hata hakuniangalia.

"Handkerchief," akasema. "Kumi na mbili. Na chai yangu usijaze sana, mwalimu, inamwagika."

Ofisi nzima ilicheka. Mpishi alicheka zaidi, kwa sababu nilishamweleza habari za digrii yangu.

Nilileta chai muhula mzima. Nilijaribu kila mbinu. Nilisoma usiku, nilikariri, nilitafuta herufi ngumu. Yeye hakusoma chochote, maneno yalimjia tu, kama kuku wanavyomjia mtu anayewalisha. Nilipomuuliza aliyapata wapi, alisema babake alikuwa karani wa reli huko ziwani, mtu wa kupenda Kiingereza, na alipofariki alimwachia kamusi. Hiyo tu. Mashamba waligawana ndugu zake wa kiume.

Kamusi nilikuja kuiona Jumapili aliyonialika kwake. Ilikuwa nene, jalada lake la asili lilishapotea na mahali pake palishonwa karatasi ya kaki kwa uzi wa gunia. Ilikaa kwenye rafu chini ya sinia ya vikombe, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nia yangu ilikuwa kukaa nayo siku mbili, nichukue maneno kumi hivi, niirudishe. Mwizi yeyote atakwambia alikuwa na ratiba.

Jumatatu alikuja kazini macho yamevimba.

"Kamusi ya baba imepotea," akatuambia. "Nimetoa kila kitu nje mpaka kitanda. Hakuna mtu ameiona?" Kisha akanigeukia, bila ubaya wowote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mgeni wake. "Mwalimu, haikuingia kwa mkoba wako bahati mbaya?"

Huo ndio ulikuwa mlango, wazi kabisa, na ungepitika. Lakini ofisi nzima ilikuwa inatazama.

"Mimi na kamusi?" nikasema. "Haki ya Mungu sijaiona. Kwani digrii nilisomea nini?"

Walicheka. Naye akacheka kidogo. Kuanzia wiki ile nikaanza kushinda.

Alinitajia D, R na M, akaweka dreamer. Herufi saba. Nikajifanya nafikiri, nikakuna shingo, nikasema demurrage, tisa, ile ada ya kuchelewesha mzigo kwenye behewa. Aliniangalia muda mrefu kidogo. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akaniletea chai kwa mikono miwili. Niliinywa. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo jambo baya zaidi ninaloweza kusema juu yangu.

Ni vizuri nieleze nilivyoitumia ile kamusi, maana kosa langu lilikuwa mle. Mtu anayesoma kitabu chake husoma kwa utulivu. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa mwizi, nasikiliza hatua za jirani, kwa hiyo jicho lilikwenda penye urahisi. Na ndani ya kamusi ile baadhi ya maneno yalikuwa yamepigwa mstari kwa penseli nyekundu. Sikujiuliza kwa nini. Yalikuwa marefu, yalijitokeza yenyewe, nikayaokota kama mtu anayechuma maembe yaliyokwisha anguka.

Shule ikafungwa kwa likizo ya Desemba na mchezo ukahamia kwenye simu. Badala ya chai tukawa tunaandikiana deni la vikombe kwa utani, vya kulipwa Januari shule ikifunguliwa. Januari ikafika pamoja na fujo za uchaguzi, kabila kwa kabila, na shule haikufunguliwa.

Kila mtu aliyekuwa Nairobi miezi ile ana hadithi yake, na nyingi ni nzito kuliko yangu. Mimi sikupigwa, sikuchomewa. Nilikaa ndani. Barabara ilifungwa kwa mawe na magurudumu yanayowaka, ikafunguliwa, ikafungwa. Maduka ya 56 yaliteremsha mabati. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili na mlango mmoja wa nje, na watu tuliokuwa tukiazimana chumvi tukaanza kupishana bombani kimya, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi kubwa mno. Mimi kwetu ni Kitui. Mama wa saluni, jirani yangu wa ukuta, ndiye pekee aliyeniuliza wazi.

"Kwani wewe ni wa wapi, mwalimu?"

"Kitui."

Akafikiri. "Woi. Basi wewe hata hawajui wakuchukie aje."

Alikuwa amesema kweli. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyeniita. Siku tatu nzima mtu pekee aliyenitamkia neno alikuwa mtangazaji wa redio. Nilipika ugali wa mtu mmoja, nikala nusu, nikala ile nusu nyingine jioni, nikaosha sufuria ileile. Nilikuwa nimeandika makala kadhaa huko nyuma juu ya utamu wa upweke kwa mtu anayesoma. Ningeweza kumpiga makofi yule mwanamke aliyeziandika.

Kilichobaki ni simu. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa saa moja kwa miguu, lakini mwezi ule hakuna aliyeutembea bila sababu. Kadi za simu zilikuwa adimu, kwa hiyo hatukupoteza maneno. Asubuhi ilikuja meseji yake: F, G, R. Grandfather. Kumi na moja. Nami nikafungua ile kaki, nikatafuta mstari mwekundu, nikamjibu: Thoroughfare. Kumi na mbili. Njia kuu, ya kupita watu wote, wakati nje njia zote zilikuwa na mawe. Hatukuulizana habari za siasa. Siku ilipotangazwa kwamba viongozi wa kwetu wameingia serikalini, niliishika simu tangu asubuhi, sijui nimwandikie nini mtu wa ziwani, ambaye watu wake walisema wameibiwa kura. Saa sita ikaingia yake. C, M, S. Classroom. Tisa. Nilikaa kitandani nikalia, nikamjibu consignment, shehena ya mizigo, kumi na moja, nikaendelea kulia. Nilijua alichonipa. Hata hivyo nilimjibu kwa kitabu chake nilichomwibia.

Kesho yake aliandika kitu kingine, na kwa mara ya kwanza hakikuwa na herufi tatu.

"Mwalimu, huku moto umefika line ya tatu ya nyumba kutoka kwetu. Nataka kukuuliza kitu moja. Kamusi ya baba haiko kwako kweli? Niambie tu. Siko na hasira."

Niliisoma nimesimama. Kamusi ilikuwa mezani, wazi, imekandamizwa na kijiko. Sikuwa na ofisi iliyonitazama wala mpishi wa kunicheka. Niliandika "Iko." Nikafuta. Nikafikiria vikombe vyote alivyoniletea kwa mikono miwili, na nitakavyoingia ofisini siku ile ya kufungua shule. Nikaandika "Haiko."

Nikatuma.

Hakujibu. Siku hiyo hakujibu, ya pili wala ya tatu. Nilipopiga, ile sauti ya mwanamke iliniambia mteja hapatikani kwa sasa, kwa upole uleule wa siku zote, kana kwamba mteja ametoka tu kidogo. Huenda amekufa. Huenda amekimbia. Huenda amenichukia. Nilijikuta nikiomba Mungu iwe la tatu, na ndipo nilipojua kwamba sitaweza kuendelea kukaa ndani.

Siku ya tano kulikuwa na utulivu. Niliiweka kamusi kwenye kikapu, nikaifunika sukuma wiki, nikatembea. Mama wa saluni alinitolea kichwa dirishani.

"Unaenda wapi na mboga, na huku ndiko mboga zinatoka?"

"Kumrudishia mtu kitu."

"Leo? Hicho kitu hakiwezi ngoja?"

Nilimwambia kimengoja sana.

Lango la shule Olympic lilikuwa na kufuli. Niliteremka Soweto West nikihesabu milango, kisha milango ikaisha. Mahali pa chumba chake palikuwa na jivu lililonyeshewa, na mabati yaliyojikunja kama majani makavu. Mama mmoja alikuwa amechutama mle, anaokota misumari kwenye jivu, anainyoosha juu ya jiwe, anaitia kwenye mkebe. Alinitazama mimi, akatazama mboga.

"Unatafuta mwalimu wa watoto?"

"Ndiyo. Yuko wapi?"

"Alienda kwao. Kulikuwa na lori ya kupeleka watu, ikiwa na polisi mbele. Alitoka na blanketi na mtungi. Simu yake ilikuwa kwa mtu wa kuchaji, na huyo wa kuchaji naye ameungua yote." Akagonga msumari. "Wewe ni yule wa kumwandikia?"

Nikasema ndiye mimi.

"Alikuwa anacheka peke yake akipata meseji yako. Tunamwuliza, nini? Anasema, ni mzee amenisalimia." Akanitazama tena. "Na wewe si mzee."

Nilidhani amenichanganya na mtu mwingine. Nilimwachia mboga zote, kwa sababu sikuwa na namna ya kueleza kwa nini nimezibeba. Kamusi nikaikumbatia kifuani, wazi, mchana, mbele ya watu wote, na hakuna aliyejali.

Yuko hai. Nilifurahi hadi Olympic. Baada ya Olympic nikaikumbuka ile "Haiko", ikapanda nami mpaka nyumbani. Kila kitu chake kilikuwa kimeungua, isipokuwa kimoja, na juu ya hicho nilikuwa nimemwambia kwamba hakipo.

Februari nzima niliendelea na mchezo peke yangu. Asubuhi nilijitajia herufi tatu, jioni nikajijibu. Nilijishinda mara nyingi. Nilijipikia hata chai, nikajipelekea kutoka jiko hadi kitandani, hatua nne, na nakiri nilishika kwa mikono miwili. Nilipochoka kucheza nikaisoma kamusi kutoka mwanzo, mistari myekundu peke yake. Polepole nikaona kwamba haikupigwa na mwanafunzi. Ilikuwa minyoofu kama reli. Neno embankment, lile tuta la udongo linalobeba njia ya garimoshi, lilikuwa limekandamizwa kwa nguvu hadi karatasi imetoboka. Nilipitisha kidole juu ya kitobo kile mara nyingi. Mtu fulani alikuwa amelipenda neno hili, na mimi nilikuwa nimekaa naye chumba kimoja mwaka mzima bila kumsalimia.

Simu ilikuja Machi, Jumamosi mchana. Wakubwa walikuwa wameshapeana mikono, shule yetu ilikuwa imefunguliwa ikiwa na nusu ya watoto, na nasari ilikuwa inashikiliwa na mpishi. Nilikuwa bombani nafua. Nambari sikuijua. Nilipokea kwa mkono wa povu.

"Niaje, mwalimu."

Nilikaa chini, palepale penye maji.

"Uko?" akauliza.

"Niko. Uko wapi? Mbona hukunipigia? Nilienda kwako, nikapata..."

"Nambari yako ilikuwa kwa kichwa. Nilikuwa nafikiria tu vile nitakuongelesha bila kukutusi. Imechukua mwezi na kitu."

Mama wa saluni alikuwa mlangoni kwake anasuka mteja. Mikono yake ilisimama. Nikaona kwamba hata sasa kuna ofisi nzima inayonitazama.

"Kamusi iko kwangu," nikasema. Nilisema kwa sauti, nadhani ploti nzima ilisikia. "Niliiba. Siku ile ya chapati. Iko hapa, iko nzima, haijapotea hata ukurasa."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu demurrage." Akacheka, kicheko kilekile cha ofisini. "Mtu wa Kitui, wa kufundisha tenses, demurrage ameitoa wapi? Mwalimu, hiyo mistari ni ya baba. Kila neno alilolipata kazini, akija nyumbani alitusomea tukikula, halafu anapiga mstari. Mimi nilikuwa hivi, sijui hata kusoma, lakini hayo maneno nayajua yote. Sasa wewe ukawa unayachukua hayo tu. Hayo tu! Hukuona mengine? Kitabu chote hicho?"

"Nilikuwa na haraka."

"Ndiyo nikakuachia. Nilisema, wacha acheze. Nilikuwa nampata mzee kwa simu kila siku."

Maji ya bomba yalikuwa yananiloanisha sketi na sikusogea. Nikamuuliza kile nilichohitaji kujua. Kama alijua, kwa nini aliniuliza siku ile ya moto?

Nilisikia kuku upande wake, na mtu anapasua kuni.

"Nilijua iko kwako," akasema. "Lakini siku hiyo kujua hakukutosha. Nilikuwa nimesimama nje na blanketi, naona moto. Nilitaka mtu aniambie, iko, imekaa mahali, haitaungua. Wewe ndiye ulikuwa wa kuniambia. Ukasema haiko."

Nilinyoosha mkono nikafunga bomba.

"Hiyo ndiyo iliniuma," akasema. "Si kitabu."

"Naituma. Jumatatu naipeleka kwa basi."

"Usitume. Mimi huko sirudi, mwalimu, usiningoje. Huku kuna shule imenipa nasari. Lakini usitume." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya saa nne asubuhi. "K, M, B."

"Ati?"

"K, M, B. Niko na bookmark. Nane. Zidisha. Na usiingie kwa nyumba, nitasikia mlango."

Nilikuwa nalo. Lilikuja lenyewe kabla hajamaliza kusema, refu, herufi kumi, na mstari mwekundu chini yake na kitobo katikati. Lilifika hadi kwenye meno. Nilijua kwamba naye alijua ninalo. Alisubiri. Mama wa saluni naye alisubiri, kitana mkononi.

"Sina," nikasema. "Nimeshindwa."

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa, mwalimu."

"Haya. Na aliyeshindwa hufanya nini?"

"Huleta chai."

"Kwa mikono miwili," akasema. "Utanipata. Ukishuka, uliza nyumba ya yule karani wa reli." Akakata.